Damu ya Shemeji

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu wako watu wanaokaa hapa mpaka wanadhani walizaliwa nalo. Liko nyuma ya maabara ya hospitali kubwa, kati ya geti dogo la wafanyakazi na ukuta wenye viyoyozi vinavyodondosha maji mwaka mzima, na mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Mimi nauza kahawa. Wananiita Mama Birika, jina silipendi, ila limeshanigandia. Wateja wangu wa asubuhi ni walewale: Kocha, aliyefundisha timu ya mpira isiyowahi kuchukua kombe hata la plastiki, Fundi Taa, anayetengeneza umeme wa hospitali nzima huku nyumbani kwake wanawasha mshumaa, na Mikate, mwoka mikate wa zamu ya usiku, anayekuja hapa moja kwa moja kutoka tanurini na unga bado kwenye nyusi. Mkewe yuko ghorofa ya juu, kwenye chumba cha kioo ambacho mtu wa nje haruhusiwi kuingia.

Mke huyo aliugua ugonjwa wa damu. Madaktari wakaiua ile mbovu kwa dawa, na askari wote wa mwili wanaopigana na maradhi wakafa nayo, kisha wakampandikiza uboho wa kaka yake, kwa kuwa ndio pekee uliolingana. Sasa wanasubiri askari wapya waote. Wasipoota, hata mafua yanaweza kummaliza, ndiyo maana mlango haufunguliwi. Kila asubuhi Mikate akitoka kazini anapanda juu, anasimama kiooni, anashuka, anakunywa kahawa yangu bila kuionja. Asubuhi hiyo alishuka akakaa, hata kahawa hakuomba.

— Vipi, majibu ya jana? Kocha akamuuliza.

— Hakuna kitu. Daktari kasema mashine haikuona askari wa kuhesabika. Eti leo alfajiri wachukue damu nyingine, warudie.

— Haikuona hata mmoja?

— Kaniambia nisikate tamaa. Jamani, mtu akikwambia usikate tamaa, si maana yake yeye keshakata?

Nikammiminia. Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Vidole vyake ni vigumu kwa moto wa miaka mingi, kikombe cha moto kwake ni sawa na kikombe tu.

— Na mwenyewe leo umemwonaje? nikamuuliza.

— Mgongo.

— Mgongo?

— Kila nikifika amelala, kanipa mgongo, uso ukutani. Nagonga kioo kwa ukucha, polepole. Hageuki. Kabla ya kupandikizwa alikuwa ananisubiri macho wazi, simu ya pale kiooni ameishaiweka sikioni hata sijafika. Tangu damu ya shemeji iingie, ni mgongo tu.

Hapo ndipo kijiwe changu kinaponiudhi. Mtu anasema jambo linalomuuma, badala ya kumpa pole wanaanza kulifanyia utafiti.

— Samahani, ndugu yangu, Kocha akasema huku akisogea. Huyo shemeji si ndiye yule aliyekukataa?

— Ndiye huyohuyo. Harusini hakuja. Alisema dada yake hawezi kuolewa na mtu wa usiku, atalala peke yake maisha yake yote. Kwangu hajakanyaga mpaka leo. Ilipotakiwa uboho, akaja, akatoa, akanipita kwenye korido akanisalimia kwa kidevu.

— Kwa kidevu!

— Kwa kidevu. Hivi.

Akatuonyesha. Kocha akapiga goti lake.

— Basi mbona jambo liko wazi! Angalia. Timu yote ya zamani imevunjwa. Wamesajili wachezaji wapya, wote kutoka timu ya shemeji. Wewe unakwenda kusimama pale kiooni, wachezaji wanakuchungulia kwa ndani, wanaulizana, huyu si ndiye yule wa mikate? Wanamgeuza mkeo.

— Acha upuuzi, nikamwambia.

— Sio upuuzi, Mama Birika, Fundi Taa akadakia. Kocha anaongea kimpira, lakini mimi nakupa kitaalamu. Taa ni ileile, swichi ni ileile, nyumba ni ileile. Ila umeme sasa unatoka kwa jirani. Jirani akiwa na hasira, taa inacheza.

— Umeme una hasira?

— Wa kwenu hauna?

Mikate alikuwa anawasikiliza wote wawili kwa macho makubwa, maskini, mtu ambaye hajalala.

— Kwa hiyo hatanipenda tena? akauliza.

— Sijasema hatakupenda, Fundi Taa akasema. Nasema itachukua muda waya kuzoea.

— Mimi niliwahi kuongezewa damu nikijifungua, nikawaambia. Chupa mbili za watu nisiowajua. Mume wangu sikumchukia hata kidogo.

— Si mliachana? Kocha akauliza.

— Tuliachana kwa tabia zake! Damu isingiziwe nini?

Wakacheka, na Mikate akacheka nao kidogo, cheko la kulazimishwa. Mimi nilijuta kuingia kwenye mazungumzo yao. Ukikaa na hawa watu unajikuta umeishatoa ushahidi.

Mara geti likabamizwa. Akatoka dada wa maabara, koti jeupe, kofia ya nywele bado kichwani, uso umekunjamana. Tunamwita Foili, kwa sababu mfukoni hakosi vipande vya ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Vijichupa vyake anavifunga humo visipigwe na mwanga. Kwa kawaida husalimia kwanza, ana adabu zake. Siku hiyo wapi!

— Nani kaweka taa kwenye kona yangu?

— Kona ipi? Fundi Taa akauliza.

— Ile ya nyuma, ubavuni mwa friji. Yenye giza.

— Ahaa, ile! Fundi Taa akanyanyuka kwa furaha kabisa. Juzi nilipita nikakuona unapapasa, nikasema dada wa watu huyu mpaka lini? Nimekutilia ile nyeupe kali, ya chumba cha upasuaji. Nilikuwa nasubiri tu asante.

— Asante! Ile taa nilikuwa nimeitoa mwenyewe! Kwa mkono wangu, nimepanda juu ya kiti!

— Umetoa taa nzima?

— Giza ndilo ninalofanyia kazi, baba! Jana sikuwa zamuni. Mwenzangu ni mgeni, akaviacha vijichupa vyake pale pale tunapoviacha siku zote, wazi, chini ya jua lako la upasuaji. Rangi zote zimekufa.

Fundi Taa akakaa polepole. Benchi likalia.

— Rangi za nini, mama? Mikate akauliza kwa sauti ndogo.

Foili akamtazama, ndipo akaiona sura ya yule mtu. Akavua kofia yake. Nikampa kahawa, akakaa katikati yao, na hasira ikaanza kumshuka.

— Sikiliza, baba, akasema. Askari wa mwilini ni seli, ndogo hazionekani. Ila kila aina ina vipokezi vyake juu ya ngozi yake, tuseme ni vitasa vya mlangoni. Sasa kuna kitu kinaitwa kingamwili. Kingamwili moja inajua kitasa kimoja tu, kingine inakipita haikitazami. Sisi tunazo za kununua, zimefungwa rangi mgongoni. Tunazitia kwenye damu, tunaziacha gizani, kila moja inatafuta kitasa chake inanasa. Halafu mashine inapitisha seli mojamoja kwenye mfereji mwembamba mbele ya mwanga wa leza. Yenye rangi inawaka. Mashine inahesabu.

— Jezi! Kocha akaruka. Anavalishwa jezi kabla ya kuingia uwanjani!

— Haya, jezi.

— Na jua likiwaka sana jezi inapauka, refa hajui nani ni nani!

— Leo umepatia, Kocha.

— Kwa hiyo jana... Mikate akasema.

— Jana mashine haikuona rangi. Haina maana askari hawakuwapo. Hayo ni mambo mawili. Damu ya leo nimeishughulikia mwenyewe, iko gizani sasa hivi, chini ya boksi, na taa nimeizima. Na zaidi ya hapo sisemi, majibu anatoa daktari.

Mikate akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa ile mikono yake mikubwa. Mabega yakawa yanacheza. Sikujua analia au anacheka, nadhani alikuwa anafanya vyote. Fundi Taa akanyoosha mkono akamgusa goti.

— Ndugu yangu, nisamehe. Nilikusudia wema tu.

— Usiku wa jana, Mikate akasema kutoka nyuma ya viganja, nimeunguza mikate ya mji mzima. Nimesimama mbele ya tanuri naitazama inaungua. Nilikuwa najiuliza nitamzika na nguo ipi.

 Fundi Taa akanyanyuka, akaingia getini, akarudi na taa yake mkononi, ameifunga ndani ya leso. Akakaa nayo mapajani.

Kijiwe chetu kimya hakikiwezi. Kocha akaanza tena, safari hii kwa heshima.

— Dada, hebu nikuulize. Hao askari wapya, si ni wa shemeji yake?

— Wametoka kwenye uboho wake, ndiyo.

— Na shemeji hampendi huyu bwana. Je, kitasa cha chuki kipo? Maana kama kipo, mkitie rangi tukione mapema.

— Ala!

— Nyekundu, kwa mfano. Ikiwaka nyekundu, Bwana Mikate ajue anaanza upya, apeleke maua.

— Mimi ningetaka kinyume chake, Fundi Taa akasema, bado amenyong'onyea. Itiwe rangi ya upendo, wapimwe watu wote kabla ya kuoana. Foleni inapita kwenye leza, asiyewaka arudi kwao.

— Na wanaowaka kwa watu wawili? Kocha akauliza.

— Hao wapewe taa ya upasuaji!

Foili alikuwa anatikisa kichwa, lakini kona ya mdomo ilimsaliti. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuwaza ningempima nani. Ndipo Mikate akafunua uso.

— Mimi nina swali la kweli, akasema. Msinicheke.

— Sema, baba.

— Hamna rangi ya kuonyesha kama mtu anakukumbuka? Simaanishi mapenzi makubwa. Kukumbuka tu. Kwamba yuko kule ndani, amelala, kuna kitu mwilini mwake kinakutafuta wewe peke yako, wengine wote kinawapita.

Foili akakizungusha kikombe chake. Ana mume, yuko nchi ya mbali kwa kazi, na simu zao zimekuwa za kutumiana salamu za sikukuu. Haya alinihadithia mwenyewe siku moja mvua ilipotubana chini ya ukuta, wengine hawajui.

— Ingekuwapo, akasema, ningekuwa wa kwanza kujitoboa kidole. Na chupa ya pili ningempelekea mtu.

Akatazama saa, akanyanyuka, akajipangusa koti.

— Askari wameshashika rangi, naingia. Na wewe, Fundi, ukipita kwangu ukaona giza, lipigie saluti uende zako.

Tukabaki. Viyoyozi vinadondosha maji. Wauguzi wa zamu ya usiku wakatoka, wa mchana wakaingia, mimi namimina na kupokea, lakini masikio yangu yote getini. Mikate alianza kutusimulia mkono wa mkewe. Hakusimulia uso, ni mkono tu. Alisema kila akirudi alfajiri anamkuta ameishaamka, anampangusa unga usoni kwa kiganja, kisha anajipaka ule unga shavuni mwake mwenyewe, ndiyo salamu yao. Alisema amejaribu kuukumbuka ule mkono pale kiooni, uzito wake, akagundua uzito haukumbukiki.

— Nikiupata tena hata dakika moja, akasema, wachezaji wa shemeji wanizomee wapendavyo.

Kocha akafungua mdomo, nikamtolea jicho. Akaufunga.

Foili alirudi. Akaja mpaka kwenye jiko langu, akanipa kikombe.

— Jaza.

— Ehe? tukasema wote.

— Sisemi kitu. Kazi yangu sio kusema.

— Lakini...

— Daktari ndiye anayesema.

Ila macho yalikuwa yamemlowa, na alikuwa amesahau kuvua glavu. Mikate alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akawa hajui geti liko upande gani.

Kabla hajaliona, akatoka mtu ambaye hatumjui. Mwanamume mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, plasta kwenye mkono walipomtoa damu. Akasimama akatutazama mmoja mmoja, kisha akamsalimia Mikate kwa kidevu.

Kocha akanikanyaga mguu. Nilikuwa nimeishajua.

— Nilikuja kupimwa, yule bwana akasema. Wamenipitisha juu kwa daktari. Nimeambiwa nikuite, ila nimeomba nikupe habari mwenyewe.

— Sema, shemeji.

— Askari wameota. Wengi. Daktari amenionyesha kwenye karatasi, vinukta vimejazana upande mmoja, siwezi kukueleza. Kesho mchana mlango unafunguliwa. Mtu mmoja, mikono ioshwe mpaka kwenye viwiko. Nimemwambia ni wewe.

Mikate alikurupuka kuelekea getini. Akajikwaa kwenye tofali la benchi, Fundi Taa akamdaka kwa mkono mmoja akamkalisha, wa pili ameshikilia taa. Kocha alikuwa anampiga mgongoni, Foili analia waziwazi sasa, na mimi, naapa, nilimwaga kahawa nzuri chini nisijue ninafanya nini. Yule shemeji alisimama pembeni ya furaha yetu, mikono mfukoni, mgeni kabisa. Nikamsogezea nafasi mwisho wa benchi, upande wa tofali. Akakaa. Nikampa kikombe, akakipokea kwa mikono miwili, mtu mwenye adabu kumbe.

— Nimetoka kumchungulia pale kiooni, akasema. Amelala.

— Amekupa mgongo? Kocha akauliza haraka.

— Ameelekea ukutani.

Kocha na Fundi Taa wakatazamana. Hata mwenye damu yake kapewa mgongo! Utafiti wao wote ulikuwa umeanguka chali.

Shemeji akanywa kidogo. Kumbe akitabasamu anafanana na mtu mwingine.

— Tulipokuwa wadogo tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye. Tuligombania kila kitu, lakini upande wa ukuta ulikuwa wake. Bila ukuta puani halali. Umwamshe kwa ngoma hageuki. Leo nimemwona vile nikasema, ni yeye, hajabadilika. Akamgeukia Mikate, na nilimsikiliza vizuri sana, sauti haikuwa na ubaya wowote: — Nyumbani kwenu siku hizi hulala upande gani?

Ni swali la kawaida kabisa. Nilisubiri jibu huku nafunga mfuko wa sukari. 

Mikate alikuwa amefungua mdomo. Akamtazama shemeji, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ningejua.

— Sijui, akasema.



— Usiku niko tanurini. Nikirudi ameishaamka, kitanda kimetandikwa.

— Na siku za mapumziko? shemeji akauliza, polepole.

— Mwili wangu umezoea kukesha. Nakaa jikoni. Nafunga mlango taa isimsumbue. Akajipangusa unga kwenye nyusi. — Sijawahi kumwona amelala mpaka walipomtia kwenye kile kioo.

Nilijua shemeji atasema. Miaka yote hii alikuwa na neno moja la kusema, lile la dada yake kulala peke yake, na sasa lilikuwa limeletwa mpaka mapajani mwake, bure. Kocha alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Fundi Taa, mwenye jibu la kila kitu chini ya jua, alikuwa anaifunga na kuifungua ile leso.

Shemeji hakulisema. Alimwegemea kidogo Mikate, bega kwa bega, kwa kuwa benchi langu linainamia upande huo na mtu hana namna, wala hakujiondoa.

Mikate akatoa simu. Akapiga akiwa amekaa palepale, na bosi wake anaongea kwa nguvu, tuliwasikia wote wawili.

— Bosi, leo usiku siji.

— Unaumwa?

— Siumwi. Hata kesho siji. Nitafutie zamu ya mchana.

— Mchana tanuri lina watu wake, nafasi hakuna, unajua. Mchana tunahitaji mfagiaji tu.

Nilinyanyua birika nimmiminie kwa ajili ya kumtuliza. Halikuwa na kitu.

— Basi nifagie, Mikate akasema.